Zebaki mwilini: pesa ya vidonge itumie kwingine

Muuza vidonge akikuambia chupa yake inatoa zebaki mwilini, muulize: inaitoa kwa njia gani? Kazi hiyo ni ya figo na matumbo. Zebaki iliyovutwa kama mvuke hutoka kwa mkojo na choo, na nusu yake huchukua takriban miezi miwili. Aliyeacha kuivuta mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu amebaki na nusu, mwezi wa tano na robo, bila kumeza kitu chochote. Anayeendelea kuvuta anajaza upya kila siku, hata ameze chupa nzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni moto. Kama kwenu Salamabila, Namoya au machimbo mengine ya Kabambare mnashika dhahabu kwa zebaki, angalieni mahali donge la dhahabu na zebaki linapochomwa. Mara nyingi ni jikoni, ndani ya kijiko juu ya makaa. Rangi ya fedha inapotea, ya njano inabaki, na watu wanafurahi. Ile zebaki, ambayo ilikuwa karibu nusu ya uzito wa donge, imeshapanda kwenye paa, imetua kwenye nguo na ndoo ya maji, imeingia kwa mtoto aliyelala chumba cha pili. Mapafu hushika karibu asilimia 80 ya mvuke huo. Haunuki, na kitambaa puani hakiuzuii. Chomeni nje, mbali na nyumba, ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke. Zebaki inarudi na kutumika tena, na hapo hata mfuko unanufaika.

Vitunguu saumu, seleniamu, unga wa mwani: hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kutibu sumu ya zebaki. Mkaa wa dawa haushiki vizuri madini, ila unaweza kuishika dawa ya malaria uliyomeza pamoja nao. Udongo wa kula ni mbaya zaidi, maana wenyewe unaweza kuwa na madini ya risasi. Dawa za kweli zipo, kama DMSA, lakini hutolewa hospitalini baada ya kupima mkojo.

Sombe, lengalenga na maharage kuleni kwa sababu ni chakula kizuri. Mama mjamzito apendelee ndagala kuliko samaki wakubwa wanaokula wenzao, kwani hao hukusanya zebaki nyingi zaidi. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, ila akae mbali na uchomaji.

Mikono ikitetemeka, usingizi ukipotea, fizi zikivimba au hasira zikizidi, nenda kituo cha afya. Ukikohoa na kubanwa kifua baada ya kuchoma, nenda siku hiyohiyo. Mwambie muuguzi wazi kwamba unachoma dhahabu, na tangu lini. Usipomwambia, huenda akaanza na malaria.