SOMO LA UFUGAJI: Mtamba gani tumuuzishe, mtamba gani abaki?



Kila mwaka mwezi wa tisa masomo yanaanza, na kwa jamaa nyingi za Masisi na Rutshuru minervali inatoka zizini. Baba anasimama penye mlango wa zizi, anatazama, anasema: "Ile nyembamba iko mifupa tu, tuuzishe. Hii ingine iko nona, ibaki." Mnunuzi anafunga kamba, lori linateremka Sake mpaka Goma, na neno limekwisha. Somo hili linataka kuonyesha kwamba mara nyingi siku ile ngombe muzuri ndiye ameenda machinjioni, na asiyefaa amebaki kula majani.

Mtamba ni ngombe jike kijana. Hapa tunamhesabu yule ambaye hajazaa, pamoja na yule aliyezaa mara moja tu, kwa sababu shida kubwa iko kwa hao wawili.

Kwa nini tuhangaike shauri ya mitamba? Katika miaka ya 1970 na 1980 vilima vya Masisi vilijaa ngombe, Ankole wa pembe ndefu pamoja na machotara wa Brune suisse. Vita vya tangu 1993 mpaka 1996 vilimaliza sehemu kubwa ya mifugo ile. Ngombe waliporwa, walichinjwa, walivushwa mpaka. Na vita vilivyofuata havikuacha malisho kwa amani. Jamaa iliyookoka na dume tatu ilikuwa na nyama. Jamaa iliyookoka na mitamba wawili ilikuwa na mbegu. Lakini si kila mtamba ni mbegu, na hapo ndipo kazi inaanza.

Tuanze na umri. Kama tarehe ya kuzaliwa haikuandikwa, msiamini maneno ya soko, fungueni mdomo wa ngombe. Mbele chini ana meno 8, juu hana. Karibu na miaka 2, meno mawili ya katikati ya utoto yanaanguka na makubwa mawili yanatokea. Kisha yanaendelea mawili mawili, mpaka karibu na miaka 4 yote nane ni makubwa. Mtamba wa Ankole anayekula majani tu, bila chakula cha kuongeza, mara nyingi anazaa mara ya kwanza akiwa amepita miaka 3. Basi mwenye meno mawili tu ambaye hana mimba, tusimwite tasa. Angali mtoto.

Tena tutazame uzito. Mtamba apandwe akiwa amefika karibu theluthi mbili ya uzito wa mama yake. Kama mama wana kilo 320, yeye angojee kilo 200 na zaidi kidogo. Utepe wa kupima kifua, nyuma ya miguu ya mbele, unatoa hesabu ya karibu. Akipandwa mbele ya hapo, na zaidi kama dume ni wa Brune suisse mwenye mwili mkubwa, ndama anaweza kukwama na tukawapoteza wote wawili.

Sasa hesabu, na wa kwanza sekondari waishike vizuri. Mimba ya ngombe inachukua siku 283 hivi. Mwaka una siku 365. Ngombe akitaka kuzaa kila mwaka, amebakiwa na siku 82 tu baada ya kuzaa. Katika hizo, kama 40 ni za tumbo kupona. Zinabaki 42. Jike anataka dume kila siku 21, kwa hiyo ana nafasi mbili tu, basi. Akikosa hizo, ndama wa mwaka ujao amechelewa. Kwa malisho yetu Ankole wengi wanapita mwaka moja kati ya ndama na ndama, na hiyo si haya. Lakini hesabu inaonyesha ginsi nafasi ni ndogo, na kwa nini tarehe ina faida kuliko macho.

Tuseme baba ana mitamba wanne.

Wa kwanza ni yule aliyenona, ngozi inang'aa, kila mgeni anamsifu. Alikaa na dume miezi sita na hana mimba. Mafuta yale yametoka wapi? Ni maziwa ambayo hakutoa na ndama ambaye hakubeba. Hata hivyo tusimhukumu upesi. Mwite veterineri amtie mkono kwa njia ya mavi. Mimba ya miezi mitatu anaisikia bila shaka, na mwenye ujuzi anaisikia hata mbele ya hapo. Kisha tuulize wenzake. Kama wale waliokaa na dume yule yule wameshika mimba, na yeye amepewa nafasi zaidi ya tatu na umri wake unatosha, basi yeye ndiye wa kuuzisha, na kwa kuwa amenona ataleta feza nzuri. Lakini kama wote wako bila mimba, kosa si la mitamba. Chunguzeni dume: labda anachechemea, labda mapumbu yamevimba, labda amepewa majike kupita nguvu zake. Nimesikia habari za zizi zima la mitamba kuuzishwa, na dume mgonjwa akabaki, akanunuliwa wake wapya!

Wa pili ni yule mwembamba wa mifupa. Amezaa ndama wake wa kwanza, ndama anaruka na kunyonya, yeye hajarudi kutaka dume. Huyu ndiye baba anayetaka kumpakia lori. Mufikiri kazi yake: ananyonyesha, angali anakua, tena anabadilisha meno wakati ule ule anapohitaji kula sana. Hakuna ngombe mwenye mzigo kama huo. Apewe fasi ya majani mazuri, chumvi na maji ya kutosha, na ndama akisha kula majani vizuri aachishwe. Wengi wanarudi. Kama mwaka umepita tangu azae, amekula sawa na wenzake, wenzake wameshika mimba na yeye bado, hapo tena tuseme kwaheri.

Wa tatu alizaliwa pacha na ndugu dume. Katika mapacha wa namna hii, zaidi ya 9 kati ya 10 wa kike ni tasa tangu tumboni, kwa kuwa damu za mapacha zimechanganyika. Anenepeshwe, auzishwe. Hakuna mjadala mrefu.

Wa nne alitupa mimba mwezi wa saba. Huyu anataka akili zaidi, kwa sababu inaweza kuwa teke ao njaa, lakini inaweza kuwa brucellose, ambayo inapita kwa ngombe wengine na kwa watu. Mtu asishike kondo kwa mikono mitupu. Lizikwe ndani sana, mbwa wasifukue. Maziwa yachemshwe. Mtamba atengwe mpaka damu yake ipimwe. Kumuuzisha kwa jirani bila kusema, ati shida itoke kwetu, ni kumpelekea jirani moto chini ya nguo.

Kuna mitamba wengine ambao hawamo katika hesabu hii. Yule aliyetoka katika mahari ya dada, ao aliyetolewa na rafiki wa babu, si feza tu. Mbele ya kumgusa wazee waulizwe. Na yule anayepiga ndama wake teke na kukataa kunyonyesha? Mimi simuhurumii, hata pembe zake zikiwa nzuri namna gani.

Jambo la mwisho ni wakati. Mwezi wa sita mpaka wa nane majani yanakauka, ngombe wanakonda, na mwezi wa tisa kila mzazi anatafuta feza siku moja. Mnunuzi anajua hayo vizuri kuliko sisi. Afadhali uchaguzi ufanyike mwezi wa tano, mvua ingali, yule asiye na mimba angali na nyama. Na ninyi vijana, musimbishie baba mbele ya mnunuzi, hatawasikia. Leteni kaye jioni, baada ya chakula, semeni: "Baba, tazama tarehe hizi."

KAZI YA NYUMBANI. Chukueni kaye moja, mpige mistari: jina la mtamba, meno, siku aliyopandwa, siku aliyozaa, siku aliyotaka dume tena. Mwandike wote wa zizi lenu. Asiye na ngombe aende na mwenzake, kisha wote wafanye hesabu hii: mtamba amezaa tarehe 12 Februari, mwaka wa siku 365. Ili azae tena 12 Februari inayofuata, ni tarehe gani ya mwisho kwake kushika mimba? Majibu yaletwe kwa mwalimu wa biolojia.