Bima ya Gari: Simu Hulinganisha Nini?

Bima tulikutana nayo Kidato cha Pili katika somo la Biashara. Tukakariri kanuni zake, tukafanya mtihani, basi. Lakini kitabu hakikutueleza kwamba siku hizi mtu anaweza kuketi pale stendi ya matatu Nakuru, akabonyeza simu, akaona bei za makampuni kadhaa kwa wakati mmoja. Hilo ndilo ninalotaka tulichambue.

Tovuti ya kulinganisha bima si kampuni ya bima. Ni dalali. Unaijaza: gari ni la aina gani, la mwaka gani, thamani yake, na linafanya kazi gani. Kompyuta hupeleka majibu yako kwenye viwango vya kila kampuni, kisha orodha inakuja, aghalabu bei nafuu ikiwa juu. Ukichagua, unalipa kwa M-Pesa na hati inakuja kwa simu. Wewe hulipi tovuti kitu. Kampuni uliyoichagua ndiyo inayoipa kamisheni. Uingereza walianza mapema, kwani Confused.com ilifunguliwa mwaka wa 2002 mjini Cardiff. Hapa Kenya nazo zimetokea, mTek ikiwa mojawapo.

Faida ipo, tusikatae. Zamani ulimwendea wakala mmoja, akakutajia bei moja, na ungejuaje kama ni ghali? Sasa makampuni yanashindana mbele ya macho yako. Shida ni kwamba yanashindana kwa kile kinachoonekana tu, yaani bei.

Tuchukue mfano, nambari nimezitunga mwenyewe. Gari ni la Sh 800,000. Kampuni ya kwanza inataka asilimia 4, yaani Sh 32,000. Ya pili inataka asilimia 4.5, yaani Sh 36,000. Nani hatakimbilia ya kwanza? Lakini soma chini, kwenye maandishi madogo. Kuna ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujibebea kabla kampuni haijatoa hata shilingi. Ya kwanza imeiweka asilimia 5 ya thamani ya gari, Sh 40,000. Ya pili asilimia 2.5, Sh 20,000. Umeokoa elfu nne leo, na siku ya ajali utatoa elfu ishirini zaidi. (Angalia pia kama tozo zimo ndani ya bei: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya hazina ya kufidia wenye bima, na stempu Sh 40. Ni pesa kidogo, ila zinaweza kubadilisha nani yuko juu ya orodha.)

Mjomba wangu ana pikapu ya kubeba viazi kutoka Molo hadi soko la Wakulima, na karo yangu hutoka humo. Mwezi huu alinipa simu nimsaidie. Tulipofika penye swali la matumizi, akaniambia, "Weka ya binafsi, hiyo ni rahisi." Kweli bei ilishuka. Nikamuuliza, "Sasa Mjomba, ikigongwa pale Salgaa na magunia yako nyuma, utawaambia ulikuwa unaenda kanisani?" Akacheka, lakini tulirudi tukaweka ya biashara. Wakala wa mtaani angeyaona magunia kwa macho yake. Simu huamini unachoiandikia, halafu kampuni hukagua siku ya kudai fidia.

Jambo lingine linatuhusu sisi wa Bonde la Ufa hasa. Januari 2008 magari na maduka yaliteketezwa hapa Nakuru. Bima ya kawaida mara nyingi haibebi hasara ya ghasia za kisiasa mpaka uongeze malipo. Kwenye simu, nyongeza hiyo ni kijisanduku tu, na ukikiacha wazi bei inapendeza.

Huko Uingereza makampuni yaligundua ujanja mwingine: kumvutia mteja mpya kwa bei ya chini, kisha kumpandishia kila mwaka yule asiyehama. Ikabidi mamlaka ya udhibiti iingilie. Tangu Januari 2022, bima ya gari au nyumba haiwezi kuhuishwa kwa bei iliyozidi ile ambayo mteja mpya angetozwa.

Na je, kampuni yenyewe hulipa? Blue Shield iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka wa 2011, na hati za watu zikabaki makaratasi. Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, huchapisha takwimu za jinsi kila kampuni inavyolipa madai. Ningekuwa mimi mwenye tovuti, ningeziandika kando ya bei, kwa herufi za ukubwa uleule.

Mjomba bado hajakijaza kile kijisanduku cha ghasia. Bima yake inaisha tarehe 30, na uchaguzi ni 2027.