MAFUNDISHO YA KAZI ZA MIKONO: Kutengeneza Reli Ndogo za Mfano Zilizokwisha Kutumika

Watu wa Nakuru wamekaa kando ya reli tangu mwaka 1900, njia ya kutoka Mombasa ilipofika hapo. Na kabla ya mwaka 1901 kwisha, njia hiyo ilikuwa imekwisha fika ziwani Kisumu. Mwalimu wa Bonde la Ufa atakaye kuwafundisha watoto upimaji, umeme na habari za nchi yao hapati chombo kizuri kuliko gari la moshi la mfano likizunguka juu ya meza.

Lakini vyombo hivyo vikiwa vipya ni vya bei kubwa. Vilivyokwisha kutumika huweza kupatikana kwa bei nafuu miongoni mwa bidhaa za mitumba, na mara nyingi gari lenyewe huwa zima, bali reli zake zimepinda, zimechafuka au zimevunjika mataruma. Wengi huzitupa. Kuzitupa ni hasara, kwa maana sehemu kubwa ya reli hizo hutengenezeka kwa vyombo vichache na kwa uvumilivu.

KAZI TATU ZA RELI

Kabla ya kushika koleo, yafaa kujua reli ndogo hufanya kazi gani. Kwanza, hushika upana mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Pili, huyapa magurudumu njia laini isiyo na kikwazo. Tatu, huchukua umeme mpaka kwenye mtambo wa gari. Kazi mbili za kwanza ni zile zile za njia kuu ipitayo Naivasha, Gilgil na Nakuru. Ya tatu ni ya reli za mfano. Kila ubovu utakaouona umeiharibu mojawapo ya kazi hizo.

VYOMBO VINAVYOHITAJIWA

Tayarisha koleo ndogo, tupa laini, msumeno wa meno madogo wa kukatia chuma, rula ya chuma, kitambaa safi, spiriti ya kusafishia na gundi. Ukiweza, azima kwa fundi wa redio chuma cha kulehemu pamoja na risasi yake.

KUKAGUA NA KUSAFISHA

Panga vipande vyote juu ya meza iliyo sawa, kisha uvitenge mafungu matatu: vizima, vinavyotengenezeka, na vya kutolewa vipuri. Usitupe fungu la tatu. Humo ndimo utakamopata taruma au kiungo cha kuponyesha kipande kingine.

Futa uso wa juu wa reli kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, na upande wa ndani pia. Spiriti hushika moto upesi. Basi ifanye kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na jiko na chuma cha kulehemu. Usitumie msasa mkali. Msasa huacha mikwaruzo, na mikwaruzo hukusanya uchafu upya. Reli za shaba, au za mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, husafika vizuri. Za chuma zilizoliwa na kutu mpaka zikawa na mashimo hazifai tena.

KUPIMA UPANA

Reli za mfano zilizo za kawaida zaidi zina upana wa milimita 16.5 kati ya nyuso za ndani. Chonga kipande cha mti mgumu chenye upana huo barabara, kisha kisukume kati ya reli mbili tangu ncha hata ncha. Kikikwama, njia imebana; kikicheza, njia imepanuka.

Msomaji asidharau nusu milimita. Njia kuu ya zamani ya Nakuru ina upana wa mita 1. Kosa la nusu milimita katika reli ndogo ni sawa na kosa la sentimita 3 katika njia ile. Hapana dereva atakayependa kupita hapo na mabehewa yaliyojaa watu.

Na hapa mwalimu ana hesabu nzuri ya kuwapa wanafunzi. Zidisha milimita 16.5 mara 87, ambacho ndicho kipimo cha mifano mingi ya namna hii, utapata karibu milimita 1,435. Huo ndio upana wa reli mpya iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na kuendelezwa mpaka Suswa mwaka 2019. Atakaye mfano halisi wa njia ya zamani kwa kipimo hicho, na atafute reli za upana wa milimita 12.

RELI ILIYOPINDA

Ikiwa reli imepinda kidogo, ichomoe taratibu katika mataruma yake, ilaze juu ya ubao ulionyoka, na uinyoshe kwa vidole, kidogo kidogo. Usipige nyundo, kwani nyundo huitanua reli na kuharibu uso wake. Ikiwa imevunjika shingo au imejisokota, usishindane nayo: kata sehemu mbovu kwa msumeno, ukisaidiwa na rula ili mkato uwe wa pembe mraba. Kisha pitisha tupa kwenye ncha, juu, chini na upande wa ndani, mpaka kidole kisihisi ukali wowote. Kipande kifupi kilichonyoka ni bora kuliko kirefu kinachoangusha gari.

MATARUMA YALIYOVUNJIKA

Mataruma machache yakivunjika katikati ya kipande, chonga vijiti vya mti vyenye kimo kile kile, vipitishe chini ya reli na uvigundishe, huku kipimo chako cha mti kikiwa kati ya reli mpaka gundi ikauke. Taruma za mwisho ndizo zenye kazi kubwa, kwa sababu huzuia ncha zisitawanyike; hizo zisikosekane kamwe.

VIUNGO NA UMEME

Vipande huunganishwa kwa viungo vidogo vya bati vinavyovaa chini ya reli. Vikilegea, umeme hukatika na gari husimama. Chomoa kiungo, kibane polepole kwa koleo, ukirudishe. Kikiwa kimepasuka, weka kingine.

Ili kujua kiungo kibovu ni kipi, tumia taa ndogo ya volti 12, kama ile ya dashibodi ya pikipiki, yenye nyaya mbili. Washa transfoma ya gari la mfano, kisha gusisha nyaya kwenye reli mbili, kipande baada ya kipande. Mahali taa inapofifia ghafula, kiungo kilichotangulia ndicho chenye kosa. Kiungo kisichotengenezeka chaweza kuvukwa kwa waya mwembamba uliolehemiwa ubavuni mwa reli, upande wa nje. Lehemu upesi, maana moto ukikaa huyeyusha mataruma ya plastiki. Kisha nawa mikono, kwa kuwa risasi ni sumu.

Angalia sana: reli hizi hutumia volti 12 zitokazo katika transfoma yake. Kuzifunga moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani ni kutafuta kifo.

KULAZA NJIA NA KUIJARIBU

Laza njia juu ya ubao ulio sawa. Kati ya ncha na ncha acha nafasi ndogo, kama unene wa kadi. Njia kuu nayo huhitaji kuangaliwa kwa ajili ya joto: reli ya chuma yenye urefu wa mita 12 huongezeka karibu milimita 4 joto likipanda kwa digrii 30. Isipopata nafasi wala kushikwa imara, huweza kupinda.

Jaribu kwanza kwa kusukuma behewa moja kwa mkono, polepole, kwenda na kurudi. Mahali litakaporuka, weka alama kwa chaki, upime tena. Mtambo usipande njia mpaka behewa limepita mara kumi bila kuanguka.

NENO LA MWISHO

Mtu asiende kutafuta misumari, vibano au kipande chochote katika njia kuu, wala asinunue vyuma vilivyotoka huko. Kung'oa vibano vya njia kwaweza kuangusha gari zima na watu wake. Mtoto aliyeona jinsi behewa dogo linavyoruka kwa nusu milimita ataelewa jambo hilo bila kuhubiriwa.

Njia ya Nakuru mpaka Kisumu, yenye urefu wa karibu kilomita 217, ilikaa miaka bila gari la abiria. Ilitengenezwa upya, na Desemba 2021 abiria wakapanda tena kutoka Nairobi hadi Kisumu. Kilichokuwa kimezeeka hakikutupwa. Kilikaguliwa na kurekebishwa. Ndivyo ifaavyo kufanywa hata kwa reli ndogo ya mezani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.