Pikipiki ya Mkono wa Pili: Tambua Hitilafu za Gia na Sauti za Injini Kabla ya Kulipa

Kutoka Vanga hadi Samburu, pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati, mwanafunzi shuleni na gunia la mahindi sokoni. Vijana wengi wa Kwale huanza kazi ya bodaboda kwa pikipiki iliyokwisha kutumika, iliyonunuliwa kwa akiba ya chama, kwa mkopo wa Sacco au kwa mchango wa ndugu. Injini ikifa mwezi wa kwanza, kazi husimama lakini marejesho ya mkopo hayasimami.

Hasara hiyo huja kwa njia mbili. Mnunuzi mmoja huuziwa injini iliyochoka kwa sababu aliambiwa, "Hiyo ni vali tu, ndugu yangu, ikipata moto itanyamaza." Mwingine hufunguliwa injini nzima kwa ajili ya gia ngumu, kumbe shida ilikuwa kebo ya klachi iliyolegea. Wote wawili wangeokolewa na utaratibu mmoja: kagua kwanza vitu vinavyoonekana na vya gharama ndogo, kisha gia, kisha sauti, na mwisho ijaribu pikipiki barabarani. Kazi hiyo haihitaji vifaa vingi. Inahitaji mchana wenye mwanga, bisibisi ndefu, kitambaa na subira ya saa moja.

KABLA YA KUWASHA INJINI

Mwombe muuzaji asiiwashe pikipiki kabla hujafika. Ukifika, gusa injini kwa tahadhari. Ikiwa tayari ina joto, subiri ipoe. Kuna sauti ambazo husikika injini ikiwa baridi tu, na kuna muuzaji anayejua hivyo.

Oili. Katika pikipiki nyingi za bodaboda, oili ile ile hulainisha injini, gia na klachi, na kiasi chake huwa takriban lita moja tu. Kwa hiyo oili mbovu huharibu vyote vitatu. Isimamishe pikipiki wima, kisha angalia kiwango. Oili nyeusi ni dalili kwamba imetumika kwa muda. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Chota kidogo kwa kitambaa uipeleke juani: ukiona vipande vinavyong'aa, kuna chuma kinachokatika ndani. Oili nzito kupita kawaida nayo itiliwe shaka, kwa kuwa hutumiwa kuficha sauti ya injini iliyochakaa.

Uliza pia ni oili gani imekuwa ikitiwa. Klachi ya pikipiki hizi huzama ndani ya oili, hivyo inahitaji oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi isiyo na msuguano huteleza.

Kebo ya klachi. Vuta mkono wa klachi polepole. Unapaswa kucheza kidogo kabla ya kuanza kuwa mzito. Kwa pikipiki nyingi ndogo, ncha ya mkono huo hucheza takriban milimita 10 hadi 20, ingawa kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho chenye kauli ya mwisho. Kebo ikikwaruza au kukwama, huenda nyuzi zake zimeanza kukatika. Chunguza zaidi ikiwa pikipiki imefanya kazi karibu na bahari. Hewa ya chumvi ya Diani, na maji yanayodondoka kwenye matenga ya samaki kutoka Gazi na Shimoni, hula kebo na mnyororo haraka.

Mnyororo. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, injini ikiwa imezimwa, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Mnyororo unaokaza sehemu moja na kulegea nyingine umechoka, na utasababisha mishtuko ambayo wengi huidhania kuwa ni gia. Meno ya sproketi yaliyopinda kama ndoana nayo yamekwisha. Weka vidole mbali na mnyororo gurudumu linapozunguka.

Pedeli ya gia. Itikise kwa mkono. Ikicheza kwenye shina lake, bolti imelegea au meno yameliwa. Ikiwa imepinda na inakaribia kugusa injini, pikipiki iliwahi kuangukia upande huo, na shina la ndani pia huenda limepinda.

KUJARIBU GIA

Injini ikiwa bado imezimwa, isukume pikipiki mbele na nyuma polepole huku ukipandisha na kushusha gia. Usiikanyage pedeli kwa nguvu pikipiki ikiwa imesimama kabisa. Meno ya gia huhitaji mzunguko kidogo ili yaingiane, na gia kukataa wakati huo si ushahidi wa ubovu.

Sasa washa injini mahali pa wazi, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake huua. Acha ipate joto, kisha tazama dalili hizi.

1. Gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, au nyutro haipatikani pikipiki ikiwa imesimama. Mara nyingi klachi haiachii sawasawa. Thibitisha hivi: ukiwa kwenye stendi ya katikati, vuta klachi na uingize gia ya kwanza. Gurudumu la nyuma linaweza kuzunguka polepole kwa sababu ya oili, lakini breki inapaswa kulisimamisha kwa urahisi bila injini kuzimika. Likigoma, anza na kurekebisha kebo. Hatua ya pili ni kubadilisha oili. Ikishindikana ndipo sahani za klachi zikaguliwe.

2. Injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Klachi inateleza. Huenda kebo imekazwa mno, oili si yake, au sahani na springi zimechakaa. Kebo ni kazi ya dakika chache. Sahani na springi hubadilishwa kwa kufungua kifuniko cha upande mmoja, bila kupasua injini.

3. Pedeli ikikanyagwa hairudi mahali pake. Springi ya kurudishia imechoka au kukatika, au shina limepinda. Injini nyingi ndogo huruhusu kuifikia springi hiyo kupitia upande wa klachi.

4. Gia inaingia vizuri, kisha inaruka yenyewe unapoongeza mafuta. Hii ndiyo dalili nzito kuliko zote za gia. Ikiwa pedeli na springi za nje ya sanduku la gia ni nzima, basi meno ya kushikana yamelika au uma unaosukuma gia umepinda. Kuvifikia ni lazima injini ishushwe na kupasuliwa katikati. Dereva anayelipita lori kwenye barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, gia ikaruka akiwa upande wa magari yanayomjia, hana muda wa kujitetea.

KUSIKILIZA INJINI

Sauti hupotosha, kwa sababu chuma huipeleka mbali na ilikoanzia. Ndiyo maana mafundi hutumia bisibisi ndefu: ncha huwekwa kwenye sehemu ya injini isiyozunguka, mpini huwekwa karibu na sikio. Sauti hukua kadiri unavyokaribia chanzo. Hakikisha pia injini haijaongezwa mwendo wa kutulia, kwani injini inayokwenda kasi wakati wote huficha mgongano ulio chini yake.

Mlio mwepesi wa "ti-ti-ti" juu ya injini. Mara nyingi ni nafasi ya vali. Hupimwa injini ikiwa baridi, na kwa pikipiki nyingi ndogo huwa kati ya milimita 0.05 na 0.10. Marekebisho yake ni kazi ya kawaida. Lakini usifurahie ukimya uliopita kiasi: vali zilizobanwa hazipigi kelele, ila hazifungi vizuri, huungua, na injini huwa ngumu kuwaka ikiwa na joto.

Mlio unaofanana na huo lakini unaotoka mbele. Huenda gaskiti ya bomba la moshi inavuja. Tafuta masizi meusi pale bomba linapoungana na injini. Hii ni hitilafu ndogo.

Mtikisiko wa mnyororo upande mmoja wa injini. Katika injini zenye mnyororo wa ndani unaoendesha vali, mnyororo huo au kikazio chake kimechoka. Hapa mnunuzi ajue aina ya injini yake. Pikipiki nyingi zinazouzwa nchini zimeiga injini ya Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ambayo husukuma vali kwa fimbo na haina mnyororo huo kabisa. Fundi anayekutoza fedha za mnyororo wa ndani kwa injini ya namna hiyo anakuuzia kitu kisichokuwepo.

Mngurumo unaobadilika ukivuta klachi. Weka nyutro, sikiliza, kisha vuta klachi. Sauti ikipotea, chanzo kiko upande wa klachi au beringi za sanduku la gia. Ikibaki vile vile, chanzo kiko kwenye pistoni, konrodi au sehemu za juu.

Mgongano mzito wakati wa baridi unaopungua injini ikipata moto. Pistoni inacheza ndani ya silinda. Angalia bomba: moshi wa bluu humaanisha oili inaungua. Injini ya namna hii inaweza kutembea kwa muda, lakini bei yake ilingane na ukarabati unaoisubiri.

Mgongano mzito unaoongezeka injini ikipata moto au ikibeba mzigo. Hii ni dalili ya beringi ya konrodi. Zima injini. Usikubali kuambiwa itazoea. Usipoziba ufa utajenga ukuta: beringi iliyoachwa huvunja konrodi, na konrodi hutoboa injini.

JARIBIO LA BARABARANI

Vaa kofia ya usalama, na hakikisha una leseni ya daraja linalofaa na pikipiki ina bima. Panda gia zote, ushuke nazo zote. Katika kila gia, ongeza mafuta kisha punguza, mara tatu. Gia yenye tabia ya kuruka hujitokeza hapo.

Kisha tafuta mwinuko. Wakazi wa Matuga wanao mpando wa Kombani kwenda Kwale mjini kupitia Golini, unaotosha kufichua klachi inayoteleza. Kwenye tambarare ya Ukunda na Msambweni, nenda polepole kwa gia ya tatu kisha fungua mafuta yote mahali pasipo na magari. Kelele za injini zikipanda kuliko mwendo, klachi haishiki.

Mlio mkali wa chuma unaosikika wakati wa kupanda tu, na unaotulia ukishusha gia, unaweza kutokana na kulazimisha gia kubwa, kuwashwa kwa moto kabla ya wakati, au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Jaribu tena kwa petroli ya kituo unachokiamini kabla ya kuhukumu injini.

Ukirudi, iache pikipiki itulie bila kuizima na usikilize upya. Oili sasa imekuwa nyepesi, na kilichofichwa na oili nzito kitasikika.

UAMUZI: NUNUA, PUNGUZIWA AU ONDOKA

Nunua ikiwa hitilafu ni kebo, oili, mnyororo, nafasi ya vali au gaskiti ya bomba. Hizo ni gharama za kawaida za kumiliki pikipiki.

Omba upunguziwe ikiwa klachi inateleza, springi ya pedeli imechoka, mnyororo wa ndani unatikisika au kuna moshi wa bluu. Pata kwanza bei ya vipuri na ya kazi kutoka kwa fundi wako, si wa muuzaji, kisha uitoe kwenye bei.

Ondoka ikiwa gia inaruka, kuna vipande vya chuma kwenye oili, au mgongano unaongezeka kwa joto. Ikibidi kununua, ilipie kama pikipiki ambayo injini yake itafunguliwa siku hiyo hiyo.

Mpangilio huo ni wa manufaa hata kwa anayemiliki pikipiki tayari. Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, muulize fundi maswali matatu: kebo imerekebishwa? Oili sahihi imetiwa? Mnyororo na sproketi vimekaguliwa? Injini ikifunguliwa, omba kuoneshwa kipuri kilichotolewa.

KARATASI NAZO ZIKAGULIWE

Injini nzima haina faida ikiwa pikipiki si ya muuzaji. Linganisha namba ya fremu na namba ya injini na zile zilizo kwenye logbuku. Namba iliyokwanguliwa au kupigwa upya ni sababu tosha ya kuondoka. Tafuta rekodi za pikipiki kwa huduma za NTSA kupitia eCitizen, na jina la mmiliki lifanane na la kitambulisho cha anayekuuzia. Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, nawe ukaukubali kwenye yako. Sheria ya Trafiki hairuhusu chombo kutumika barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa bila mmiliki mpya kusajiliwa. Usilipe fedha zote kabla uhamisho haujaanzishwa, na malipo yaache ushahidi wa maandishi.

Asiye na uzoefu wa injini aende na fundi anayemwamini, na amlipe kwa saa hiyo moja. Kijana anayependa kuifanya kazi hiyo mwenyewe aulize kuhusu masomo ya umakanika katika chuo cha ufundi kilicho karibu naye. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti.