ZIBA UFA, FUNGUA DIRISHA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nataka tuutazame ufa wa sakafuni, maana hapo hupita mgeni asiyebisha hodi: radoni.

Radoni ni nini? Ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Hutokana na madini ya urani yaliyomo kwenye udongo na mawe. Nje, upepo huipeperusha. Ndani ya nyumba iliyofungwa, hujikusanya. Ukiivuta kwa miaka mingi yaweza kukuletea saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi nyingi radoni ni ya pili baada ya sigara kwa kuleta ugonjwa huo. Na mvutaji sigara ndiye aliye hatarini zaidi.

Je, sisi wa Butere yatuhusu? Naam! Udongo wote una chembe za urani na thoriamu, ingawa haulingani na ule wa kilima cha Mrima kule Kwale, ambako thoriamu ni nyingi mno. Thoriamu nayo huzaa thoroni, nduguye radoni.

Ndugu hawa hawafanani. Nusu ya thoroni hutoweka kwa sekunde 56 hivi. Kwa hiyo ukuta wa udongo ukikandikwa vizuri na kupigwa lipu isiyo na nyufa, nyingi huishia humo humo ukutani. Radoni je? Nusu yake huchukua karibu siku 4 kutoweka, na nyingi hutoka ardhini chini ya nyumba. Basi kupaka kuta rangi peke yake ni kufunga dirisha na kumwachia mwizi mlango wazi.

Tufanye nini?

1. Tuzibe kwa saruji nyufa zote za sakafu, hasa pale inapokutana na ukuta.

2. Fundi asisahau matundu ya hewa. Nyumba za nyasi za nyanya zetu zilipitisha hewa chini ya paa. Hizi za matofali tunazifunga ndi!

3. Tufungue madirisha kila siku. Mnaogopa mbu? Wekeni wavu.

Kuziba bila kupitisha hewa ni kazi nusu. Mkifika nyumbani likizo hii, kagueni sakafu. Kinga ni bora kuliko tiba.