Somo la Afya: Taa ya Kupima Kinywa

Ndugu wafanyakazi wa Kisenyi, sisi tunaochomelea vyuma twajua kusoma rangi ya moto. Madaktari nao husoma mwanga. Humulika kinywa kwa taa ya buluu, bila kisu wala sindano: nyama yenye afya hung'aa kijani, iliyoanza kansa mara nyingi huonekana nyeusi. Lakini hata kidonda cha kawaida chaweza kuwa cheusi, hivyo lazima kipande kidogo kikatwe na kupimwa kwa darubini.

Wavuta tumbaku na wanywa waragi, msingoje taa hiyo. Ukiona doa jeupe au jekundu, au kidonda kisichopona wiki mbili, nenda kliniki. Taasisi ya Kansa iko Mulago tangu 1967, si mbali. Mwenye gereji asikate mshahara wa siku hiyo, tutalidai hilo.