Somo la Juma: Jina Lililoachwa Kwenye Orodha
Andiko: Matendo ya Mitume 6:1-7, Wagalatia 6:10

Somo la wiki hii lilianza kama ungamo langu, kwa hivyo nitaanzia hapo.

Mwisho wa mwaka 2022 mvua za vuli zilikosa. Ulikuwa msimu wa tano mfululizo. Mnakumbuka kule ndani, njia ya Bamba, mahindi yalivyokauka yakiwa yamefika magotini tu, na mifugo ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Ndugu zetu wa Mombasa walituletea magunia ya mahindi na maharagwe, nami nikapewa kazi ya kuandika orodha. Nilisomea biashara, na orodha ni ugonjwa wangu: jina, nambari ya kitambulisho, simu, idadi ya watoto, kila kitu kwenye safu yake. Siku ya kugawa hakuna aliyesukumana. Nikajiona mtu kweli kweli.

Jioni nikirudi nyumbani nilimkuta hawe mmoja amekaa mlangoni pake, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Ni Mwislamu, analea wajukuu wanne. Nikamsalimia, akaitikia vizuri, kisha akaniuliza, "Mwanangu, leo hapo kwenu kulikuwa na harusi? Naona watu wabeba mizigo." Sikuwa na jibu. Jina lake halikuwepo kwa sababu nilianza na rejista ya washirika na nikaishia hapo hapo. Sikumkataa. Sikumfikiria tu, na mpaka leo sijui lipi ni baya zaidi.

Sasa tuingie kwenye andiko. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na huduma ya chakula ya kila siku. Kukatokea manung'uniko: wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa. Luka hasemi kuna mtu aliyeiba. Hasemi kuna aliyewachukia. Watu walikuwa wanaongezeka, na wagawaji pengine waliona kwanza wale waliowajua. Mitume hawakuwakemea walalamikaji wala kuwaambia wanaleta roho ya mgawanyiko (maneno ambayo sisi wachungaji tunayapenda sana). Waliita mkutano, wakaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Ukisoma majina ya wale saba utaona yote ni ya Kiyunani. Yaani kazi ilikabidhiwa watu wanaojua machungu ya upande uliosahauliwa. Hilo darasani kwetu hatukufundishwa.

Mtu ataniambia: pasta, wale wajane walikuwa waumini, huyo hawe si wetu. Ni swali la haki. Ndiyo maana nimeweka Wagalatia. Paulo anatuagiza tuwatendee mema watu wote, na hasa wale wa nyumba ya imani. Neno "hasa" halina maana ya "peke yao". Nikisema nawapenda watu wa Mariakani, hasa wa mtaa wangu, sijawafuta wengine. Mimi niliisoma "hasa" nikairuka "wote".

Na tusione haya kujifunza kwa wengine. Shirika la Msalaba Mwekundu, ambalo baadhi yetu huliita "mambo ya dunia", lilitokana na Mkristo wa Uswisi aitwaye Henry Dunant. Alikuwa mfanyabiashara. Mwaka 1859 alisafiri kumtafuta mfalme wa Ufaransa kwa ajili ya mambo ya kampuni yake, akafika Solferino, Italia, akakuta maelfu ya majeruhi wa vita. Akawahudumia pamoja na akina mama wa mji wa karibu bila kuuliza huyu ni wa jeshi gani. Biashara yake baadaye ilifilisika, lakini ile kazi haikufa. Hapa kwetu shirika hilo liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Tangu 1994 mashirika ya misaada yana kanuni walizokubaliana: msaada hutolewa bila kujali dini wala kabila, na hautumiki kuvuta watu kwenye dini fulani.

Wapendwa, kaunti yetu ina sababu ya kulisikia hilo kwa unyenyekevu. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa Shakahola, familia zilienda hospitali ya Malindi kutafuta watu wao, na aliyeketi mezani kuandika majina ya waliopotea alikuwa mtu wa Msalaba Mwekundu. Waliowapoteza walikuwa wameitwa na mhubiri. Jirani akituangalia kwa wasiwasi tunapobeba gunia, tusikasirike. Tumpe sababu ya kutuamini.

Na njia ya kuandika orodha ipo. Mashirika mengi huanza na baraza. Wanakijiji wenyewe husema nani ana shida zaidi: mjane, mlemavu, mgonjwa, nyumba inayoongozwa na mtoto. Huchagua kamati yenye akina mama. Halafu orodha husomwa mbele ya watu wote, na mtu anaweza kusimama aseme, "Fulani ameachwa," au, "Huyu ana duka." Ningesoma yangu hadharani, hawe angetajwa kabla sijafunga daftari.

Kwa hivyo kamati ya maslahi imekubali mambo mawili. Watu wawili wasio washirika wetu, mmoja wao mama, watakaa nasi kwenye kuandika majina. Na orodha itasomwa uwanjani, si ofisini. Kumbukeni pia kwamba chakula cha msaada hakilipiwi; ukiombwa "pesa ya usajili" kwa simu, usitume, mwambie chifu.

Bandikeni nambari hizi za bure nyuma ya mlango: 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa dharura, 116 kwa mtoto anayeteswa, 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Vikundi vya nyumbani, Jumatano hii kila mmoja ataje nyumba tatu zilizo karibu naye ambazo hazina mtu kanisani, na nani analala njaa humo. Viongozi mniletee majina Jumapili kabla ya ibada ya pili. Lile la hawe msiandike, nimeshaliweka la kwanza.